Taawili na Wakati Wake

Ajuwe mwenye kusoma ya kuwa yako maneno ya kweli ambayo mtu akiyasema kabla ya wakati wake huleta madhara kama ya uwongo. Na hili hudhihiri khasa kwa mshauri wa nafsi, yaani mtu aliyefunzwa kumsikiliza mwenye huzuni au khofu, kisha akamfasiria hali yake.

Msafiri atokaye Mwanza akipita Bunda kwenda Musoma hukuta Makutano, penye njia ya Butiama. Huko Butiama iko nyumba salama ya kuwahifadhi wasichana wanaokimbia kukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini ada haikutoka, na msimu wake ni Desemba, shule zikifungwa. Basi na uchukuliwe mfano wa msichana wa miaka 13 aliyefika hapo usiku kwa miguu. Killa akimtaja baba, hukasirika. Killa akimtaja mama, husema mama ni mwema, hakujuwa lolote. Mshauri atambua mara moja: mama alijuwa, na mtoto ajuwa hayo, ila moyo wake hauwezi kuyabeba. Je, amwambie?

Akimwambia siku ile, amemnyang'anya mtu wa pekee aliyemsalia, na yeye mshauri angali mgeni kwake. Mtoto atanyamaza, au atatoroka arudi kwao akahakikishe. Na kwao ndiko uliko wembe.

Freud, tabibu wa Vienna, aliandika mwaka 1910 khabari ya mwanamke aliyeachana na mumewe, aliyeambiwa na tabibu kijana, bila ya matayarisho, ya kuwa wasiwasi wake watokana na kukosa mume. Akazidi kuugua. Freud akasema mgonjwa hafasiriwi mpaka awe mwenyewe amelikaribia jambo, na awe amekwisha kumwamini tabibu. Na waliosoma Sura ya Yusuf wajuwa alivyofanya gerezani: wenziwe wawili walimtaka taawili za ndoto zao, naye hakuanza nazo, alisema nao kwanza, kisha akaeleza la mmoja na la wa pili, wala hakumwonyesha kwa kidole yule atakayeuawa.

Atasema mtu, huku si kuficha haki? Sivyo. Mwenye kuficha hutaka neno lisijulikane daima; mwenye kungoja hulitengezea njia. Wala si killa neno hungoja. Mtoto akisema atarudi nyumbani kesho, na aambiwe wazi wazi, saa ile ile, khatari iliyoko. Kinachongoja ni maana ya yaliyomo moyoni, na wengi wasemao wanangoja kwa hekima kwa hakika wanaogopa machozi ya mtu.

Basi mshauri yule akauliza tu, "Usiku ule mama alikuwa wapi?" akaliacha swali lilale. Zikapita wiki tatu. Siku moja mtoto, akichambua mchele, akasema mwenyewe ya kuwa mama alijuwa; kisha, baada ya kitambo, akasema ya kuwa mlango wa nyumba yao hufungwa kwa komeo killa usiku, na usiku ule aliukuta wazi. Hilo la pili mshauri hakuwa nalo katika taawili yake ya siku ya kwanza.