Usinunue Bawa Kabla ya Kuijua Bahari

Mwanangu, umeniambia fedha zimetimia na unataka kuagiza vifaa vyako vya mbizi kabla mwezi haujaisha. Nimefurahi. Si vijana wengi wa hapa Eldoret wanaotamani kujua kilichoko chini ya bahari. Lakini keti kwanza, chai ingali moto. Yapo mambo yaliyonichukua miaka kuyajua, na wewe waweza kuyapata jioni hii moja.

Unataka bamba, mikanda na bawa. Umechagua vyema. Bamba ni kile kipande cha chuma au alumini kinacholala mgongoni. Mikanda hupita kwenye matundu yake, ikakufunga mabegani, kiunoni na kati ya miguu. Bawa ni mfuko wa hewa unaokaa kati ya bamba na mtungi. Ukilitia hewa linakuinua, ukiitoa unashuka. Mpango huu haukuzaliwa kwetu. Ulizaliwa katika mapango ya maji ya kaskazini mwa Florida, huko Marekani. Greg Flanagan alilibuni bamba lake mwaka 1979, na William Hogarth Main akaendelea kuuboresha mpango wenyewe. Wapiga mbizi wale walibeba mitungi miwili mizito. Walihitaji kitu kigumu kisichoyumba, na hawakutaka chochote kining'inie kikanase kwenye miamba. Waliyapimia maji yao, mwanangu. Sisi yatupasa kuyapimia yetu.

Nakuambia haya kwa sababu mimi sikupima. Nilipokuwa kijana nikifanya kazi pwani, nilimwona mpiga mbizi mmoja hodari, ametulia majini kana kwamba hana uzito. Nikanunua bawa kama lake. Sikuuliza kwa nini yeye alikuwa na kubwa vile. Yeye alibeba mitungi miwili, mimi nilikuwa na mmoja. Kila nilipotia hewa, kingo za bawa zilijikunja zikauzunguka mtungi, na hewa ikajificha humo. Siku moja nikipanda, nilivuta vali na hewa haikutoka. Kadiri nilivyopanda, ndivyo ile iliyobaki ilivyotanuka, kwa maana hewa iliyoko mita 10 chini huwa maradufu ifikapo juu. Nikarushwa juu bila kupenda. Mungu alinihifadhi. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na siku ile nililiona lile donda.

Kwa hiyo fuata utaratibu. Anza na maji utakayoingia, kisha suti, kisha mtungi, kisha bamba. Bawa liwe la mwisho. Vijana wengi huanzia kwenye bawa kwa sababu ndilo linalopendeza machoni. Watazame wakimbiaji wetu wa Iten na Kaptagat. Mkimbiaji mzoefu huujua mguu wake na njia yake kabla hajachagua kiatu.

Maji yako ni ya Watamu, Diani na Kisite. Maji ya huko ni ya joto, nyuzi 25 hadi 29 hivi, na suti ya milimita 3 inawatosha wengi. Nenda wakati wa kaskazi, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 3, bahari ikiwa tulivu na unaona mbali. Kusi ikivuma maji huchafuka, na mgeni hajifunzi vizuri katika maji yaliyochafuka. Ingia kwanza na jaketi la hewa la kukodi. Mwombe mwalimu akusaidie kupima risasi zako, yaani vile vizito vya kukuzamisha, mwisho wa mbizi, mtungi ukiwa umebaki na hewa kidogo. Ukae mita 5 chini, jaketi likiwa tupu, usizame wala usielee. Idadi hiyo ya risasi iandike kwenye daftari. Ndiyo msingi wa kila utakachonunua.

Na usiipime kwenye bwawa la kuogelea la hapa mjini ukadhani umemaliza. Maji ya chumvi hubeba zaidi. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake vyote ni kilo 100 huhitaji kilo 2 na nusu hivi za risasi zaidi akiwa baharini. Bwawani fanya mazoezi ya kuvaa na kuvua. Hesabu ya uzito ifanye Watamu.

Sasa mtungi. Huko kwenye bahari za joto mara nyingi utapewa wa alumini, wa lita 11 hivi. Ukijaa, unazama kidogo. Ukikaribia kuisha, unaelea kwa karibu kilo 2. Hapo ndipo bamba linapoingia kwenye hesabu. Bamba la chuma cha pua huwa na kilo 3 hivi. Likiwa majini linabaki na uzito wa kilo 2 na nusu na zaidi kidogo, na uzito huo unaufuta ule wepesi wa mtungi mtupu. Risasi ulizokuwa unazifunga kiunoni zinapungua, na uzito unalala mgongoni karibu na mapafu, ukakusaidia kulala sawasawa majini. Bamba la alumini huwa na kilo moja au chini yake. Ni jepesi safarini, na safari yako ni ndefu. Lakini risasi utazibeba bado.

Lipi bora? Fungua daftari lako. Kama ulihitaji kilo 4 au 5 za risasi, chuma kitakufaa. Kama ulihitaji kilo moja au 2 tu, chuma kitakuzamisha kupita kiasi, hasa siku utakayopewa mtungi wa chuma badala ya alumini. Na usiuweke uzito wote mahali usipoweza kuutupa. Acha risasi kidogo kiunoni, za kuachia siku ya shida.

Kwenye mikanda ndiko subira inakohitajika zaidi. Chukua ule mkanda mmoja mrefu wa sentimita 5, usio na vifungo vingi vya plastiki. Kila kifungo ni kitu kinachoweza kuvunjika. Uvae ukiwa ndani ya suti yako, si ukiwa na fulana. Bamba likae juu kiasi kwamba ukipeleka mkono nyuma ya shingo, vidole viguse ukingo wake. Mkono uifikie na vali ya mtungi. Mabegani acha nafasi ya kupitisha kiganja. Wengi hukaza pale wakidhani ndio usalama, kisha hawawezi kujivua. Kinachoshika kifaa kisipande ni mkanda wa kiunoni na ule wa kati ya miguu. Bizimu ya kiunoni ikae kidogo upande wa kulia, isisuguane na ule wa katikati. Kisu kidogo cha kukatia nyavu kiweke kiunoni upande wa kushoto, mahali mikono yote miwili inakifikia.

Usikate mkanda siku ya kwanza, mwanangu. Mimi nilikata nyumbani usiku ule ule, kwa hamu. Nilipovaa suti nene zaidi, ulikuwa mfupi, na mkanda uliokatwa haurudi. Ingia nao majini mara kadhaa ukiwa na ziada. Sogeza pete za mkanda, sogeza bizimu, pumzika, sogeza tena. Ukiridhika, kata, kisha uchome ncha kwa moto usifumuke. Na ile mikanda miwili inayofunga mtungi, iloweshe kabla ya kukaza. Nailoni ikilowa hulegea. Ukiikaza ikiwa kavu, mtungi utateleza ukiwa chini.

Sasa tumefika kwenye bawa, na utaona hesabu ni fupi. Jiulize maswali mawili. La kwanza: nikivua vifaa juu ya maji, bawa litavielesha peke yake? Jumlisha bamba la chuma, mtungi uliojaa na vifaa vya kupumulia, unapata kilo 4 au 5 hivi. La pili: nikiwa chini mwanzoni mwa mbizi, litanibeba? Hewa ya mtungini ina uzito wa kilo 2 na nusu au zaidi, na suti ya milimita 3 ikibanwa na kina hupoteza kilo moja au 2 za wepesi wake. Hapo pia jumla si kubwa. Bawa la kuinua kilo 11 hadi 14 linatosha mtungi mmoja katika bahari yetu, na ziada ipo. Lile la mviringo, ambalo hewa huzunguka upande hadi upande, ni rahisi kulitoa hewa. Lile la mitungi miwili waachie wenye mitungi miwili.

Ukilipata, litunze. Kila ukitoka baharini lioshe nje na ndani kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ikikauka ndani hukwaruza mfuko. Usiku mmoja kabla ya safari litie hewa uliache. Asubuhi likiwa limelegea, usiende nalo.

Nimebakiza jambo moja, na nakuomba ulisikie kuliko yote. Kuliacha bawa likauke vizuri kutakupa sababu ya kutokimbilia nyumbani, na usikimbilie. Unapopiga mbizi, naitrojeni huingia mwilini. Kutoka kwake ni kwa taratibu, na huchukua saa nyingi. Ukipanda mahali penye hewa nyepesi mapema mno, hugeuka viputo ndani ya viungo na damu. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi nyingi za siku kadhaa. Ukikaa saa 24 umefanya vizuri zaidi. Wengi hudhani maneno hayo ni ya wapanda ndege tu. Sisi wa huku tusidhani hivyo. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni zaidi kidogo tu ya robo tatu ya ile ya Mombasa. Kabla hujafika nyumbani, basi litakupitisha Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Mwili hautofautishi basi na ndege. Kwa hiyo siku ya mwisho usiingie majini. Osha vifaa, tembea ufukweni, kula samaki, lala, kisha panda gari.

Najua mwezi unaisha na duka limekupa bei nzuri. Bei nzuri itarudi. Nenda pwani kaskazi ikianza, kodi vifaa, uandike risasi zako, aina ya mtungi na unene wa suti. Ukirudi niletee daftari hilo. Tutakaa hapa tufanye hesabu pamoja, na utakachonunua baada ya hapo utakivaa miaka mingi.