Amana Ndani ya Kioo

Swali la kama binadamu ana haki ya kumfungia kiumbe hai kwa ajili ya kuburudisha macho ni la zamani katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, lakini hujitokeza upya pale chura anapowekwa pamoja na okidi katika vivariamu, ambayo ni sanduku la kioo lenye udongo, mimea na unyevu wa kudumu, lililokusudiwa kuuiga msitu. Kwa watu wa Likoni, Mombasa, swali hili liko karibu, kwani barabara ya Kwale huwafikisha Shimba Hills, hifadhi ya taifa tangu 1968, makao ya chura mdogo mweusi mwenye michirizi myekundu, ambaye wataalamu humwita Hyperolius rubrovermiculatus na ambaye yumo hatarini kutoweka.

Wanaohalalisha ufugaji huo wana hoja nzito katika hadithi ya mtoto Abu Umayr, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, aliyekuwa na ndege wake mdogo wala Mtume asimkataze. Hata hivyo, vitabu hivyo hivyo vinasimulia adhabu ya mwanamke aliyemfungia paka, na kosa lake limebainishwa: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie riziki ardhini. Inafuata kwamba anayefunga mlango hujitwika yote yaliyokuwa yakitolewa na ardhi.

Nayo ni mengi kuliko inavyodhaniwa. Chura hunywa kwa ngozi, tena huvuta hewa kwayo, hivyo maji ya chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya Likoni na Kisauni, humwingia moja kwa moja, na mfugaji hana budi kukinga ya mvua. Okidi ya mitini, ambayo mizizi yake imevikwa utando unaofyonza maji, huhitaji pia upepo wa kuikausha, la sivyo huoza. Kwa hiyo unyevu unaomhifadhi chura huiua okidi hewa isipotembea, na mbolea inayoistawisha okidi humdhuru chura. Ansellia africana, okidi ya manjano yenye madoa ya hudhurungi inayoota pwani hii, husimamisha mizizi myembamba kuelekea juu, ikadaka majani makavu yanayooza na kuilisha, na mbegu zake, zisizo na akiba ya chakula, haziwezi kuota porini bila msaada wa kuvu.

Abu Dawud amepokea kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume kuhusu chura kutiwa katika dawa, naye akakataza asiuawe. Ikiwa tiba, iliyo haja ya kweli, haikutosha kuhalalisha kifo chake, pambo la sebuleni litatoshaje? Anayemtoa chura Shimba akamfisha kwa kutojua hawezi kujitetea kwa mapenzi.

Ufungaji huwa wajibu pale makao yenyewe yanapoharibika. Chura wa Kihansi, Tanzania, aliishi katika manyunyu ya maporomoko pekee. Mradi wa umeme ulipoyapunguza maji hayo, baadhi yao walipelekwa Marekani mwaka 2000, wakatunzwa katika vioo, wakarudishwa Dar es Salaam mwaka 2010 na bondeni mwao mwaka 2012, ambako mabomba ya kunyunyiza maji yalikuwa yametandazwa. Mfugaji wa Kisauni hana dharura hiyo. Hewa ya bahari inamtosha kuifunga okidi iliyooteshwa kitaluni kwenye mwembe au mkilifi, kama mwarobaini unavyoitwa Mombasa, na vyura wa uani huja wenyewe masika yanapoanza.