Tawakali na Tangi la Samaki

Kama kujihadhari kunapunguza kumtegemea Mungu ni swali la zamani, na kwa kawaida huulizwa kuhusu ugonjwa, riziki au safari. Hadithi ya kumfunga ngamia kwanza ndipo kutawakali, iliyopokewa na Tirmidhi, ndiyo jibu linalotajwa sana. Lakini haisemi afungwe kwa kamba ya namna gani, na katika mambo ya ufundi hapo ndipo penye mashaka.

Akwariamu kubwa huwa na tangi la pili chini yake, liitwalo sampu. Maji hufurika kwenye ukingo wa tangi la juu, hushuka, huchujwa, kisha pampu huyapandisha tena. Umeme ukikatika, yaliyo juu ya ukingo huendelea kushuka. Bomba la kupandishia nalo hugeuka: mdomo wake ukiwa umezama, huyanyonya maji kurudi chini mpaka upate hewa. Kwa tangi la urefu wa sentimita 120 na upana wa 50, maji yakishuka sentimita 2 ni lita 12. Yakishuka sentimita 15 ni lita 90. Sampu iliyojazwa pomoni huyamwaga sakafuni.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizigawa sababu, yaani njia za kulifikia jambo, mafungu matatu katika kitabu chake Ihya Ulumiddin: za yakini, za dhana yenye nguvu, na za kuwazia tu. Mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula, kwake, hana tawakali; ana wazimu.

Kwenye sampu, yakini ni nafasi tupu, kwa kuwa nafasi haizibiki wala haichakai. Dhana yenye nguvu ni tundu dogo linalotobolewa kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji, liingize hewa na kukata mnyonyo mapema. Hufaa mpaka mwani au konokono alizibe. Valvu ya kuzuia maji kurudi, ambayo wengi huikimbilia kwanza, inastahili kuwekwa fungu la mwisho: chembe ya mchanga au ukoko wa chokaa hutosha kuizuia isifunge. Kwa hiyo jaribio la kweli hufanywa bila valvu, tundu likizibwa kwa kidole. Pampu huzimwa makusudi, maji huachwa yatulie, na yakimwagika hupunguzwa mpaka yaenee. Pampu ikishawashwa tena, kiwango cha sampu huwekewa alama isiyovukwa.

Ghazali huyohuyo aliona kufunga mlango hakuvunji tawakali, ila kurundika makufuli ni kupita kiasi. Pampu ya hewa ya betri, ya kutumika umeme ukikatika, haimo katika makufuli hayo. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Samaki wa tangini hawana pengine pa kutafuta hewa, na maji yasiyotembea huishiwa nayo hata sakafu ikibaki kavu.