Je, Kila Dhiki Hukomaza?

Ndugu zangu, mwenzetu akikosa karo au akilala njaa bwenini, jibu letu huwa jepesi: "Subiri, huu ni mtihani." Ni neno zuri. Swali langu ni kama kila anayelisema ana haki ya kulisema.

Nasomea biolojia hapa mpakani, kati ya Busia na Tororo, na hoja yangu inatoka kwenye maziwa. Nchini Uganda wasindikaji wadogo hutengeneza yogati ya Yoba kwa bakteria aitwaye Lacticaseibacillus rhamnosus (zamani Lactobacillus rhamnosus). (Ni ukoo wa GG, aliyepatikana kwa binadamu huko Marekani miaka ya 1980, hataza ilipokwisha, ndipo wengine wakaweza kumtumia.) Hebu tazama anayopitia: hukaushwa akawa unga, hufungwa kwenye pakiti, hutiwa katika maziwa yanayozidi kuchacha, kisha hunywewa na kukutana na asidi ya tumbo.

Huponaje? Kwanza, huzoea. Bakteria aliyeonjeshwa uchachu mdogo huhimili uchachu mkali kuliko aliyetumbukizwa ghafla. Hapo wahubiri wa subira watafurahi.

Lakini asidi haizuiliki mlangoni. Humpenya, naye huisukuma nje kwa pampu zilizo kwenye utando wake, na pampu hizo hula nishati. Mwaka 2005 watafiti wa Ireland walimweka GG katika maji ya kuiga ya tumboni, pH 2.0, kwa dakika 90. Penye glukosi kidogo, walionusurika walifika hadi mara milioni moja ya walionusurika pasipo glukosi. Bakteria ni yuleyule na asidi ni ileile. Aliyekufa hakuwa dhaifu, alikosa chakula.

Mtu atasema binadamu si bakteria. Bakteria hana nia wala thawabu. Kweli, na wapo waja waliosubiri tumbo likiwa tupu. Masahaba walichimba handaki la Khandaq na njaa. Ila Mtume (s.a.w.) alikuwa na njaa pamoja nao, hakuwahimiza akiwa ameshiba. Tena someni aya ya 177 ya Suratul Baqara: kuwapa mali jamaa, mayatima na masikini kumetajwa kabla ya kusubiri katika dhiki, ndani ya aya moja. Sisi tumeikata aya vipande viwili, mwenye shida tukampa kile cha mwisho.

Kwa hiyo sikubali kwamba dhiki yenyewe hukomaza. Hukomaza ile inayokuja kwa kiasi, kwa mtu mwenye cha kumtia nguvu. Nyingine huua tu, na anayeitazama bila kunyoosha mkono hana la kumfundisha mwenzake kuhusu subira.

Naomba uongozi wa jumuiya uliweke hili kwenye ajenda: mlo mmoja kwa siku kwa wenzetu wasio na kitu, wiki zote za mitihani. Uji na maziwa lala vinatosha kuanzia.