Tabibu Wako ni Nani?

Ndugu Waislamu, wapo wanaoona vibaya Muislamu wa Katesh kupeleka mgonjwa Haydom kule Mbulu, eti ni hospitali ya Walutheri, iliyofunguliwa mwaka 1955. Vibaya kwa lipi? Katika Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abubakar (r.a.) walimkodi Abdullah bin Urayqit, mshirikina, awaongoze njia. Ngamia wao na siri ya safari wakamkabidhi, kwa kuwa aliijua njia na walimwamini.

Tena Mtume ametufundisha kuwa anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, madhara yakitokea yeye ndiye mdhamini. Basi huyo anayejiita sheikh, anayekuuzia chupa ya dawa asiyoweza kuieleza na kukukataza kwenda kupimwa, muulize amesomea wapi. Akikasirika, mchukue mgonjwa wako muondoke. Hata daktari mwenye cheti, asipokueleza unaumwa nini, omba mwingine.