Sikukuu Hemani

Mzee mmoja wa kijiji chetu alitujia baada ya ibada, akatuuliza neno. Mwanawe alikuwa amefuatana na wenzake kwenda nchi za mbali, wakitembea huku na huku na kulala hemani, na siku ya Krismasi ikamkuta huko. Mzee akasema, "Mwalimu, kigoda chake kilikuwa kitupu. Je, mwanangu ametukosea, au ni mimi mwenye moyo mwembamba?" Hatukumjibu siku ile, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa na deni katika jambo hilo. Leo twajaribu kumjibu.

Kwanza twataka kumtetea mzee. Wako watu wasemao kwamba siku zote ni sawa, na ya kuwa Mungu yuko mahali pote. Maneno hayo ni kweli, lakini mara nyingi huyasema yule aliyeondoka, si yule aliyeachwa. Siku ya sikukuu jamaa huhesabiana: nani yupo, nani amefariki tangu mwaka jana, mtoto gani amezaliwa. Asiyekuwapo naye huhesabiwa, ila kwa uchungu. Mama humwekea sehemu yake ya wali, hata akijua ya kuwa haji.

Lakini tukiitazama habari ya Krismasi yenyewe, twaona jambo la ajabu. Yusufu na Mariamu walitoka Nazareti wakapanda mpaka Bethlehemu ili waandikwe majina, wala hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Wachungaji walikuwa wakikesha makondeni. Mamajusi walitoka mashariki, safari ndefu. Na mtoto mwenyewe alichukuliwa usiku kwenda Misri. Basi hatuwezi kusema kwamba sikukuu hii ni ya wale tu waliokaa kwao.

Hata hivyo waondokao si wa namna moja. Wako waliotumwa na wajibu. Mwezi wa Desemba 1944 askari wa Afrika Mashariki walivuka mto Chindwin katika nchi ya Burma, na wengi wao walikuwa mbali sana na mama zao Krismasi ilipofika. Nani atawalaumu? Wako pia wanaotoka kwa kutamani kuiona dunia. Hao nao tusiwalaumu upesi, maana mtembezi hujifunza mengi. Lakini wako wa namna ya tatu, wanaoondoka ili wasiione mikono ya jamaa ikinyoshwa kwao. Huyu hakusafiri, amekimbia. Tena yawezekana akaikimbia sikukuu bila kutoka kijijini, kwa kufunga mlango wake tu.

Sasa tuungame deni letu. Mwaka mmoja tulikuwa upande wa Uganda wa mlima Elgon pamoja na walimu wenzetu, na siku ya Krismasi tulilala hemani. Baridi ilikuwa kali, tukaota moto, tukaimba, tukafurahi sana. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumeahidi kutuma habari nyumbani, lakini kwa ile furaha tukasahau. Tuliporudi, mama hakutukaripia. Alituuliza tu, "Mlikula nini huko?" Tukamweleza kwa urefu. Kisha nasi tukamwuliza walikula nini. Akasema kwamba kuku alikaa amefungwa mguu hata siku ya tatu, maana walidhani twaja kesho, na tena kesho. Tulinyamaza. Hapo tulifahamu ya kuwa kosa letu halikuwa kulala hemani. Kosa letu lilikuwa kuwaacha watu wakingoja.

Twajua habari nyingine ya hema. Mwaka 1902 Waingereza watatu, Robert Scott, Edward Wilson na Ernest Shackleton, walikuwa wakisafiri katika barafu kuielekea Ncha ya Kusini. Chakula chao kilikuwa kidogo sana, njaa iliwasumbua mchana na usiku, na mbwa wao walikuwa wakifa. Kila mzigo ulipimwa, maana waliuburuta wenyewe. Siku ya Krismasi, baada ya kula, Shackleton alitia mkono katika soksi zake za akiba akatoa keki ndogo ya sikukuu, mviringo kama mpira mdogo, aliyokuwa ameificha tangu mwanzo wa safari. Wakaipasha moto, wakaila pamoja. Tufikiri: mtu mwenye njaa alichukua chakula kwa majuma mengi, asikile peke yake, akiwawekea wenzake siku moja. Hema lile lilikuwa mbali na kila kijiji cha watu, na sikukuu ilikuwamo.

Basi, mzee wetu, jibu letu ni hili. Usiulize mwanao alilala wapi. Uliza alichukua nini moyoni kwa ajili ya wengine, na kama alipeleka neno nyumbani. Ikiwa aliwakumbuka akatuma salamu, na huko aliko akamgawia mwenziwe, hakuwakosea. Ikiwa alinyamaza kama sisi tulivyonyamaza, amewakosea, naye na aombe radhi kama sisi tulivyoomba. Wala asijitetee kwa uzuri wa nchi alizoziona.

Na wewe, mzee, una kazi pia. Kigoda kitupu si cha kutazamwa kwa huzuni tu. Katika kijiji chetu siku hiyo wamo wageni: mfanya kazi aliyetoka mbali, muuguzi, mwalimu asiye na jamaa hapa. Mkalishe mmoja wao pale. Labda saa iyo hiyo, katika nchi usiyoijua, mzee mwingine amkalisha mwanao.

Kwa vijana twasema neno moja tu. Nendeni mkaione dunia, lakini msimwache mtu akimfunga kuku mguu bure. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.