Safari Isiyo na Kurudi
(Waebrania 11:8–16)



Mwaka 2013 kampuni moja ya Uholanzi, jina lake Mars One, iliwaita watu wa mataifa yote wajitolee kwenda kukaa katika sayari ya Mirihi, pasipo kurudi tena duniani. Maelfu walijiandikisha, na baadhi yao walikuwa na wake, waume na watoto. Mwaka 2015 walitangazwa watu 100 waliobaki katika mchujo. Mwaka 2019 kampuni ikafilisika, wala hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Tusiwacheke. Afadhali tuulize: ni nini kimfanyacho mtu akubali kuiacha nchi yake milele? Mmoja ataka jina, awe wa kwanza kukanyaga pasipokanyagwa. Wa pili amechoka na dunia na ugomvi wake. Wa tatu ana njaa ya nchi mpya, na njaa hiyo hata Ibrahimu aliijua. Lakini Ibrahimu aliitwa kwanza, ndipo akatoka.

Watazameni waliokuja kwetu. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walipanda mito ya Zambezi na Shire, wakafika mwisho wa Ziwa Nyasa. Mwaka uo huo Wamoravian pamoja na Theodor Meyer walikuja Rungwe. Mwenzao Georg Martin akafa njiani, kituo kisijajengwa bado. Hakupata kumbatiza hata mtu mmoja huko. Je, alipotea bure? La! Wenzake walimzika, wakaendelea mbele.

Lakini Merensky alirudi Ujerumani mwaka 1892. Je, imani yake ilipungua? Hasha! Kutokurudi peke yake si fadhila. Aliyetumwa hukaa akiambiwa kaa, hurudi akiambiwa rudi. Na mwaka 1916, vita vilipowaondoa wamisionari Wajerumani, walimu wenyeji ndio walioshika sala na mafundisho. Kazi haikuwa mali ya aliyekuja, bali ya Yeye aliyemtuma.

Basi, wewe mwalimu uliye kijana, huenda kesho utaombwa kwenda mtaa wa mbali, ng'ambo ya milima, usikojua mtu. Kabla hujasema, Mimi nipo, uchungulie moyo wako. Je, wawaendea watu, au wawakimbia watu? Mkeo amekubali, au amenyamaza tu? Mama yako umemwachia nani? Deni lako umelilipa? Maana ukikimbia ugomvi, huo utapanda mlima pamoja nawe. Hata ungalifika Mirihi, ungaliukuta umetangulia kuketi.

Lakini ukiisha kuyatengeneza hayo, na wito ungalipo, nenda wala usiogope.

Nanyi mnaobaki, msidhani ya kuwa aendaye ndiye pekee atoaye sadaka. Mama aliyemtoa mwanawe naye ametoa, tena kwa machozi yasiyoonekana kanisani. Mlimieni shamba lake, mpelekeeni kuni, kaeni naye jioni. Usharika uwaombeao waendao, na kuwasahau wazazi wao, umetuma kwa mdomo tu.

Sote tu wasafiri, na safari moja isiyo na kurudi yatungoja sote. Heri yule ambaye siku ile ataijua sauti imwitayo, kwa kuwa aliizoea tangu zamani.

Amina.